Kalenda ya wanyama wa mtaa: matokeo, pesa, na ule mzozo wa punda (uzi mrefu)

Bibi_Paka (mwenye uzi)

Wadau salamu. Niliahidi wale walioingia shindano letu la picha za kalenda kwamba nitaweka kila kitu hapa wazi, matokeo na pesa na vurugu zote, kwa hivyo shika chai yako kwanza.

Kwa wale hawajui, ni hivi. Sisi ni wapangaji kama kumi na wanane hapa Eastlands, tuna kagrupu ketu ka WhatsApp. Tulianza na kulisha paka wa nyuma ya bucha, halafu paka wakawa wengi, halafu keteka wa ploti akaanza kuongea mambo ya sumu, ndio tukaona heri tuwafunge kizazi na tuchanje mbwa wa hapa nje kuliko kununua omena milele. Shida ni michango, ikifika tarehe kumi kila mtu amenyamaza kwa grupu kama hajawahi kuona paka. Ndio mmoja wetu akasema tufanye kalenda. Si kila nyumba Kenya iko na kalenda? Ya bucha, ya sacco, ya mheshimiwa, na zote ziko na picha ya mtu anacheka ambaye humtaki jikoni mwako mwaka mzima. Afadhali paka.

Kuingia ilikuwa sh 100, picha tatu kwa kila mtu, mnyama yeyote lakini lazima awe ndani ya Nairobi, na usiguse picha na zile programu za kuunda picha kutoka hewani. Majaji tulikuwa watatu: mimi, mzee mmoja aliyekuwa na studio ya picha za pasipoti miaka hiyo ya filamu, na daktari wetu wa mifugo. Watu 71 walilipa. Tukapata picha 198, maana wengine walituma moja tu wakapotea.

Kati ya hizo, simba na twiga na pundamilia ilikuwa karibu theluthi. Paka amelala kwa kochi, sijahesabu, nilichoka. Kulikuwa na kuku mmoja tu, na bata mmoja, na mende mmoja ambaye mwenyewe aliandika "mpangaji mwenzangu". Huyo mende alinigusa moyo lakini daktari alikataa kabisa.

Wacha nianze na walioanguka.

Kuna aliyetuma ndovu wa pembe ndefu, picha safi, akaandika Mbuga ya Nairobi. Ndugu yangu. Mbuga ya Nairobi haina ndovu wa porini, wale wanaoonekana pale ni watoto yatima wanaolelewa na kile kituo cha Sheldrick, na huyu wako alikuwa mzee mzima na nyuma yake kuna Kilimanjaro yote na theluji yake. Umetoka Amboseli, tunafurahi kwa safari yako, lakini hapana.

Mwingine alituma simba dume, anaangalia kando, jua la asubuhi kwa manyoya, chini imeandikwa "Mfalme, mbugani, 6.40 asubuhi". Nilikuwa nimeshampa mwezi wa nane kichwani. Mzee wa studio akavaa miwani, akavuta picha kwa skrini, akavuta tena, akanionyesha kwa kidole pale penye manyoya ya shingo yanakutana na giza la nyuma. Kulikuwa na mistari imefifia sana kama mvuke, inakatana inafanya vitundu vya pembe nne pembe nne. Waya. Huyo simba alikuwa kwa kile kituo cha wanyama yatima pale getini, ambacho kipo tangu 1964, na mimi mwenyewe nilipelekwa huko na shule nikiwa darasa la tatu. Hakuna ubaya kupiga picha huko. Ubaya ni kuandika "mbugani".

Naendelea kesho, stima imeanza kucheza.

FundiLenzi

Mwenye uzi mmefanya vizuri kumtoa wa simba. Hii kitu si ya hapa kwetu tu. Lile shindano kubwa la picha za wanyamapori linaloandaliwa na makumbusho ya Natural History Museum kule London, mshindi wa 2009 alikuwa na picha ya mbwamwitu anaruka lango usiku, picha kali sana, halafu mwanzo wa 2010 wakamvua ushindi kwa sababu majaji waliona huyo mbwamwitu huenda ni wa kufugwa, wa kukodishwa kupigwa picha. Halafu 2018 wakavua mwingine, alikuwa na picha ya mnyama wa kula mchwa karibu na kichuguu usiku, ikaonekana mnyama mwenyewe ni wa kujazwa majani, yaani amekufa kitambo amekaushwa. Wote walikana. Kwa hivyo huyo wenu na waya wake ni mtoto mdogo.

msomaji_kimya

mimi ndio niko na swali moja tu, kwani mshindi hakuchaguliwa na laiki? niliambia watu wangu wote waende wapige laiki na sasa naona majaji watatu

Bibi_Paka

@msomaji_kimya tulianza na laiki, ni kweli. Siku ya pili picha moja ya sungura ikaamka na laiki 900 kutoka akaunti za watu ambao wanaishi nchi sijui gani na wote hawana picha ya uso. Sungura mwenyewe yuko nusu nje ya freemu. Tukafunga hiyo mambo ya laiki hapo hapo. Nilisema kwa grupu, labda uliziba masikio kama wale wa michango.

Nyanya_wa_Umoja

Binti hongera kwa kazi. Mimi nilituma yule ndege mbaya wa Mombasa Road, yule wa upara na mfuko shingoni. Sijaambiwa kama amepita au la. Nimekaa kwa matatu miaka mingi nikimwangalia pale juu ya miti karibu na uwanja wa Nyayo, anasimama kama karani wa mahakama.

Bibi_Paka

Shosho amepita!! Marabuu wako ni mwezi wa Agosti, amechukua nafasi ya simba. Daktari ndiye alimpigania. Anasema ile miguu myeupe ambayo watu hudhani ndiyo rangi yake si rangi, ni kinyesi chake mwenyewe, anajinyea miguuni makusudi ili ikikauka imtoe joto. Sasa fikiria hiyo ikining'inia jikoni. Lakini ni picha nzuri, vile mabawa yamefunguka nusu na nyuma kuna bango la simu limefifia, mtu wa Nairobi akiona tu anajua ni wapi.

Na hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu tangu mwanzo kwa kikao cha majaji, acha niiseme hapa. Simba wa mbuga anapigwa picha kila siku. Mbuga iko pale tangu 1946, kilomita za mraba 117, ukiingia asubuhi moja utakuta magari kumi yamezunguka simba mmoja na kila dirisha limetoa lenzi. Hizo picha zimejaa duniani. Lakini nani atampiga picha kwarara wa hapa nje anayeamsha ploti nzima saa kumi na moja na nusu akilia kama mlango wa kutu? Nani atampiga kunguru wa dampo, mbuzi wa kwa reli, kima wa City Park anayefungua zipu ya mkoba wako? Mtu ananunua kalenda ya mtaa amwone jirani yake.

Mzee wa studio alikubali nusu. Alisema "tuweke twiga mmoja, wanunuzi wa Kilimani wanataka twiga." Tukaweka twiga mmoja. Ako na daraja la reli ya SGR nyuma, si mbaya.

Kanjo_Mstaafu

Na mwewe? Kuna jamaa hapa kwetu alipiga picha ya mwewe amenyakua mutura, ile soseji ya matumbo, hewani, kucha zimefunguka, unaona hadi moshi wa mutura. Hiyo ndiyo Nairobi yenyewe. Naona hujaitaja.

Bibi_Paka

Hiyo tuliitoa mzee wangu, na iliniuma. Mwenyewe alisema kwa mdomo wake kwamba alikuwa anarusha vipande juu, karibu saa nzima, rafiki yake anapiga picha mfululizo. Sawa, mwewe wa Nairobi hahitaji kualikwa, ashawahi kuchukua chipsi mkononi mwangu pale mbele ya maktaba. Lakini siku ya tatu baada ya hiyo picha mwewe huyo huyo alishuka pale pale kwa mtoto aliyekuwa na andazi akamkwaruza kichwani. Si ati nasema ni yeye alimfundisha. Nasema ukianza kulipa mnyama wa porini ndio akupe picha, deni linalipwa na mwingine.

FundiLenzi

Hapo sikubaliani kabisa, mwewe wa mjini anaishi kwa takataka za nyama miaka yote. Mutura mmoja haubadilishi kitu. Mngempa nafasi na mwandike chini kwamba nyama ilirushwa. Ukweli ukiandikwa hakuna udanganyifu, shida ya mbwamwitu wa 2009 haikuwa mbwamwitu, ilikuwa maelezo.

Kanjo_Mstaafu

Fundi amenena.

Bibi_Paka

Kura ilikuwa mbili kwa moja, mimi ndio nilikuwa ile moja, kama mnataka kujua. Nilitaka abaki. Lakini nimetetea uamuzi wa majaji mpaka nimeuamini.

Sasa tufike kwa punda.

Picha ilitoka kwa kijana wa maji. Wengi wa hapa mnamjua kwa sura, ndiye huleta maji ploti zetu mifereji ikikauka, mkokoteni wa magurudumu mawili na punda anaitwa Chapaa. Alilipa sh 100 yake kwa M-Pesa kama kila mtu, akatuma picha moja tu, hakuandika hata maelezo.

Nitajaribu kuielezea kwa sababu sijairuhusu itoke kabla ya kalenda. Ni asubuhi ya Julai, ile baridi yenyewe, anga ni ya kijivu hivi haina kivuli. Punda amesimama foleni kwa kioski ya maji. Balbu ya kioski inamwangazia upande mmoja wa uso, manjano, na upande mwingine ni wa buluu ya alfajiri. Mvuke unatoka puani. Kwa nywele za kidevu kuna tone la maji linaning'inia, halijaanguka. Sikio moja liko mbele, lingine limegeuka nyuma kabisa, na unajua mara moja kwamba kuna mtu anamwongelesha nyuma ya simu. Nyuma kuna mitungi ya njano, haina fokasi. Simu yenyewe imepasuka kioo, nimeiona, ukishika vibaya inakukata.

Na pale juu ya mabega, ukingoni mwa picha, penye mkanda unapita, kuna kidonda. Ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Waridi, kinang'aa.

Tuliiweka kwa grupu na zingine za fainali. Haikuchukua dakika tano.

"Hii ni ukatili mnatangaza." "Kalenda ya kusaidia wanyama na mnyama anateswa?" "Huyo kijana aripotiwe." Mmoja, mama wa heshima zake, akasema itolewe na sh 100 asirudishiwe. Mwingine akasema kata tu hapo pembeni, kidonda kiishe, picha ibaki nzuri.

Naomba maoni yenu, halafu nitawaambia tulichofanya.

msomaji_kimya

mimi ningekata. watu wanataka kula ugali wakiangalia kitu kizuri si kidonda

Mkokoteni254

Niruhusuni niseme kwa sababu mimi hiyo kazi nimefanya miaka tisa. Hao wanaosema aripotiwe, hayo maji ya kuosha vyombo vyenu yaliletwa na nani? Mitungi ishirini ya lita ishirini ni kilo mia nne za maji bado hujaweka mkokoteni, na ni wewe uliita ukasema "niletee haraka na upandishe mpaka kwa geti". Sisi si wakatili. Mimi punda wangu niliibiwa usiku 2019, tukamtafuta siku mbili, tukapata kichwa na kwato kwa shamba la mahindi huko Kiambu, ngozi imeenda. Sitasahau. Ile time ya vichinjio vya punda hakuna mtu alikuwa analala, tulikuwa tunalala na punda ndani, mimi na bibi na mtoto na punda chumba kimoja.

Nyanya_wa_Umoja

Pole sana mwanangu.

Kanjo_Mstaafu

Anasema kweli huyo. Punda waliruhusiwa kuchinjwa 2012, kichinjio cha kwanza kikafungua 2016, nyama na ngozi zikienda China, ngozi wanachemsha wanatengeneza dawa yao. Ukiangalia sensa ya 2009 punda walikuwa milioni 1.8, ya 2019 wakawa karibu milioni 1.2. Serikali ikapiga marufuku Februari 2020, mahakama kuu ikaondoa marufuku Mei 2021. Punda wa Nairobi aliye hai leo ni mwokokaji, mpeni kalenda.

Daktari_wa_Mifugo (jaji)

Mwenye uzi ameniita. Nitaongea juu ya kidonda tu, mambo ya urembo niwaachie nyinyi.

Kidonda cha mahali hapo hakiletwi na kiboko. Kinaletwa na mkanda na mizani. Mkokoteni wa magurudumu mawili ukipakia mitungi mbele sana, uzito wote unakaa mgongoni mwa punda. Ukipakia nyuma sana, mikono ya mkokoteni inainuka na mkanda wa tumbo unamkaba. Inatakiwa ukishika ile mikono mwenyewe, kabla hujafunga punda, uione nyepesi. Halafu mtungi ambao haujajaa, maji yanacheza, kila hatua mkanda unasugua. Halafu maji yanamwagika mgongoni, ngozi inalowa inakuwa laini, na kamba ya nailoni ikipita hapo inakata kama uzi kwa sabuni. Wengi wanaweka gunia tupu chini ya kamba wakidhani wamesaidia, lakini gunia likilowa likajikunja ndilo linakwaruza zaidi.

Dawa ni mkanda mpana, pedi nene iliyo kavu, na kupumzisha mpaka kidonda kifunge. Hiyo ya kupumzisha ndiyo ngumu kwa mtu anayekula kwa siku. Nilimwangalia Chapaa: kwato zimekatwa vizuri, macho safi, mbavu hazionekani. Huyo ni punda wa mtu anayejali na hana pedi.

Kuhusu kukata picha: mimi nilisema kama tunakata kidonda, basi tukate na jina langu kwa kalenda.

FundiLenzi

Daktari amewamaliza.

Kikanuni kukata ukingo wa picha kunaruhusiwa karibu kila shindano. Lakini hapa ungekata kile kitu chenyewe. Swali langu ni lingine, mlimuuliza mwenye picha? Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 picha ni ya aliyeipiga, na inabaki yake miaka 50, kwa hivyo nyinyi mnaazima tu kwa kalenda moja, hamwezi kuikata na kuipeleka kwa fulana na vikombe mwaka ujao bila yeye.

Bibi_Paka

Hapo ndipo niliona aibu, kwa sababu hapana, hatukuwa tumemuuliza. Watu watatu wazima tumekaa na chai tunaamua juu ya punda wa mtu na mwenye punda ako nje ya geti anashusha mitungi. Nikashuka.

Nilimkuta anafunga mdomo wa mtungi na karatasi ya nailoni. Nikamwambia picha yako imefika fainali lakini kuna watu wanasema juu ya kile kidonda. Akaangalia chini. Akasema "nakijua." Akanionyesha, alikuwa ameshaweka kipande cha blanketi la mtoto, lenye picha za dubu, limeshonwa kwa mkono na uzi wa viatu. Akasema alipiga hiyo picha siku ambayo Chapaa alikataa kutembea, akasimama tu kwa foleni, na yeye akakosa la kufanya akatoa simu. "Nilitaka nione usoni ni nini." Hiyo ndiyo sentensi yake, nimeiandika vile alisema.

Nikamuuliza, tukate? Akasema kama tunakata tusiweke.

Basi haikukatwa. Majaji wote watatu, hakuna kura.

Na ile sh 7,100 ya kuingia shindano, badala ya kuiweka kwa karatasi ya kalenda, tukaomba grupu ruhusa itumike kwa mikanda. Wawili wakakataa, wengine wakakubali, yule mama wa heshima zake ndiye alikuwa wa kwanza kukubali, sijui nini kilimgeuza, labda ni Mkokoteni254. Tulienda Grogan kununua mikanda ya viti vya magari ya zamani, ni mipana na haichukui maji. Fundi wa viti vya matatu akashona. Daktari akamrudisha mara mbili kwa sababu ukingo wa hiyo mikanda nao unakata, lazima uzungushiwe kitambaa na chini iwe na blanketi lililokunjwa mara tatu. Seti saba zimetoka, moja ya Chapaa, sita za vijana wengine wa kioski. Na zile siku nane za kwanza Chapaa alipumzika, kijana alisukuma mkokoteni mwenyewe na mitungi sita sita.

Mkokoteni254

Mungu awabariki. Bado kuna yenye imebaki?

Bibi_Paka

Kati ya zile sita iko moja haina mwenyewe bado, nitumie ujumbe kando.

msomaji_kimya

sasa printi mlifanyia wapi, maana mimi niko na biashara nataka kalenda pia, na bei

Bibi_Paka

River Road, duka silitaji kwa sababu tuligombana kidogo kabla ya kupatana. Acha nikwambie makosa yetu usirudie.

Kosa la kwanza, tulipokea picha kwa WhatsApp. Ukituma picha kawaida WhatsApp inaibana, inakuja na upana wa kama pikseli 1600. Kwa simu inang'aa. Kwa karatasi ya A4 unahitaji kama 3508 kwa 2480 ndio itoke safi. Kwa hivyo ikabidi tuite washindi wote kumi na watatu, kumi na wawili wa miezi na mmoja wa jalada, watume upya kama faili au kwa barua pepe.

Kumi na wawili wakatuma. Kijana wa maji akasema amefuta. Simu ilikuwa imejaa, akafuta picha zote ndio apate nafasi ya M-Pesa kufunguka. Niliketi kwa ndoo. Yule mtoto wa mzee wa studio, yuko fomu tatu, akachukua ile simu ya kioo kilichopasuka, akaingia kwa picha, akaenda pale kwa takataka, akashuka chini, chini, na hiyo hapo. Simu yake huwa inaweka vitu vilivyofutwa siku 30. Ilikuwa imebaki siku nne.

Kosa la pili, paka mweusi. Desemba ni paka mweusi wa ghorofa ya tatu, kwa simu unaona kila unywele. Sampuli ya kwanza ya karatasi ikatoka doa la wino na macho mawili. Jamaa wa printi akasema "hivyo ndivyo alivyo." Tukabishana. Mwishowe mzee wa studio akaketi na dizaina wakainua vivuli pole pole, sampuli tatu, mpaka mgongo wa paka ukaonekana. Ukitaka kumpiga paka au mbwa mweusi kwa simu, mzee anasema usimweke mbele ya ukuta mweupe wala juani. Mpeleke kivulini, mlangoni hivi ambapo mwanga unaingia kwa upande, gusa uso wake kwa skrini, halafu vuta ile alama ya jua juu kidogo.

Kosa la tatu ni la mtoto. Mei kuna msichana mdogo amebeba mbuzi. Tulikuwa tumeshapanga ukurasa ndio Kanjo_Mstaafu akatukumbusha sheria ya data ya 2019, huwezi kutumia uso wa mtoto wa watu bila idhini ya mzazi. Mama yake alipatikana, akatia sahihi, akaitisha kalenda mbili za bure. Haki yake.

Bei: nakala 300, zilitugharimu 210 kila moja, tunauza 500. Zikiisha zote tunabaki na 87,000. Daktari anatufungia paka jike kwa 3,500, bei ya hisani, kwa hivyo hapo ni paka kama ishirini na wanne, na chenji ya chanjo za mbwa.

Daktari_wa_Mifugo (jaji)

Na paka jike mmoja anabeba mimba miezi miwili tu, na watoto wake wa kike wanaweza kuanza kubeba wakiwa na miezi minne au mitano. Ishirini na wanne si wachache kwa ploti hizo. Za mbwa tafadhali msizile, kichaa cha mbwa hakina tiba kikishaonyesha dalili, na inatakiwa angalau mbwa saba kwa kila kumi wa mtaa wawe wamechanjwa ndio kikatike.

Nyanya_wa_Umoja

Niwekee tano. Moja nampelekea pasta, nataka nione uso wake akifika Agosti.

FundiLenzi

Mwewe mlimwacha hivi hivi sasa.

Bibi_Paka

Fundi mwaka ujao nitakuweka jaji, upige kura yako mwenyewe.

Sasa la mwisho, kwa wale wanauliza punda ako mwezi gani. Majaji tulikuwa tumempa Julai kwa sababu ni picha ya Julai, baridi na kila kitu. Nikampelekea kijana wa maji sampuli aone. Akaangalia muda mrefu, akafuta mikono kwa suruali kabla ya kushika. Halafu akauliza kama anaweza kuhamishwa Februari. Nikamwambia Februari ni fupi, siku ishirini na nane tu, Julai utakaa ukutani zaidi. Akasema "Februari mifereji imekauka, auntie, mtungi unafika hamsini. Hapo ndio Chapaa hulipa fizi ya shule."

Ni Februari. Twiga amesogezwa Julai.

Kalenda ziko kwa duka la mayai kando ya kinyozi, kuanzia Jumamosi saa nne. Mje na mia tano kamili au mtume kwa namba iliyo kwa grupu, mama mayai amesema hana chenji na hataki kuulizwa.